Profesa Msofe na Namba Zilizovalishwa

Kuna nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, ni kwa sababu wenyewe wana wanasheria wengi kuliko walimu, na mimi sina haraka ya kujuana nao. Ni nchi nzuri, ina milima, ina redio ya taifa, na ina adabu. Hasa adabu. Na adabu kubwa kuliko zote katika nchi hiyo ni kwamba namba haipelekwi kwa mkubwa ikiwa uchi.

Tuseme mtendaji wa kata amehesabu ng'ombe kumi. Hapeleki kumi tarafani, angeonekana hakulelewa. Anapeleka kumi na sita. Tarafa nayo, kwa heshima ya wilaya, inapeleka ishirini na watano. Wilaya inapeleka arobaini mkoani, mkoa unapeleka sitini na watatu wizarani, na wizara, ambayo ndiyo inayoonana uso kwa uso na Mheshimiwa Sana, inampelekea ng'ombe mia moja kamili, wamenona, wanapendeza. Mheshimiwa Sana ndilo lilikuwa jina la kazi la mkuu wa nchi, kwa azimio la Bunge. Namba mbaya, kama za wagonjwa na maiti, zilivalishwa kwa kupunguzwa, ngazi kwa ngazi, kwa kiwango kile kile. Hakuna aliyesema uongo hata siku moja. Kitendo hicho kiliitwa kuvalisha, na kilifundishwa vyuoni.

Sasa katika nchi hiyo ya watu wenye adabu akazaliwa mtu mmoja asiyekuwa nayo. Jina lake Kiangi Msofe, mwana wa mwalimu wa hesabu wa Kirongo, kata moja kavu iliyojibanza nyuma ya milima. Alisoma, akasoma, akapelekwa Ulaya akasoma tena, akarudi na shahada ya uzamivu ya takwimu, koti moja la baridi, na tabia mbaya ya kujibu anachoulizwa.

*

Hakumaliza mwezi kabla hajaharibu.

Ilikuwa Siku ya Kushukuru, watu wamejaa uwanja wa taifa kumshukuru Mheshimiwa Sana kwa jambo ambalo lingetangazwa baadaye. Televisheni ikatangaza kwamba waliofika ni laki moja na elfu kumi na nne. Mtangazaji akamwona kijana amevaa koti la baridi kwenye jua kali, akajua huyu ni msomi, akamsogezea kipaza sauti.

"Mtaalamu wetu, umati huu wewe unaukadiriaje?"

"Elfu kumi na moja mia nne na ishirini," akajibu Msofe. "Nimehesabu safu. Na uwanja wenyewe una nafasi ya watu elfu kumi na mbili."

Matangazo yakakatika, ikapigwa kwaya mpaka jioni.

Hakufungwa, maana nchi haikuwa ya kikatili. Alihamishiwa Kitengo cha Kuhesabu Viti, ofisi iliyokuwa chini ya jukwaa la uwanja ule ule, akae humo ahesabu viti mpaka atakapojirekebisha. Akakaa miaka miwili. Na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akaanza kufuatilia namba zake zinavyopanda ngazi. Akapeleka viti elfu kumi na mbili. Baada ya wiki sita akakuta gazetini laki moja na elfu ishirini. Akapeleka mabenchi mia, gazeti likaandika elfu moja. Siku nyingine akaletewa barua kwamba Mheshimiwa Sana ametoa viti vipya elfu moja. Vilipofika kwake, baada ya kupita wizara, mkoa, wilaya, tarafa na kata, vilikuwa mia moja. Kumbe namba zikipanda zinavalishwa, na vitu vikishuka vinaonjwa, na kiwango ni kile kile!

Msofe alipiga hesabu chini ya jukwaa lile, watu wakimkanyagia juu ya kichwa. Akagundua kwamba kila ngazi inazidisha kwa moja nukta tano nane tano. Si moja nukta sita, si moja nukta tano. Haijalishi ni viti, ni ng'ombe au ni wanafunzi. Ofisa haitazami namba ni ya nini, wala ni kubwa au ndogo. Anaivalisha kama mtu anavyojikuna. Msofe akathibitisha jambo hilo kwa kurasa arobaini, akaliita Nadharia ya Kuvua: ukijua namba imepita mikono mingapi, unaweza kuivua mpaka ukafika kwenye ngozi.

Ulaya wakaisoma, wakapiga makofi, wakamwalika. Nyumbani wakaona Ulaya wamepiga makofi, wakampa uprofesa. Hakuna aliyeisoma.

*

Ndipo zikaja mashine zinazojifunza, na kila mkubwa akataka yake.

Kwa asiyefahamu, mashine ya namna hiyo haijui kitu. Unaionyesha mifano elfu moja, inajikunakuna, halafu unaiuliza juu ya wa elfu moja na moja. Profesa Msofe alikuwa mmoja wa watu wachache duniani waliofanyia kazi swali kwamba mashine ya namna hiyo inajifunza nini hasa, na jibu lake lilikuwa fupi: inajifunza ulichoionyesha. Ukiionyesha mahindi itajifunza mahindi. Ukiionyesha ripoti za mahindi, itajifunza waandishi wa ripoti.

Waziri wa Takwimu Njema, Mheshimiwa Dakta Injinia Balozi Bakilana, akamwagiza aionyeshe mashine ripoti zote za mavuno za miaka thelathini. Msofe akafanya hivyo akiwa na nia yake moyoni: alitaka Waziri aone mwenyewe kwamba mashine imejifunza adabu ya maofisa na haijui lolote kuhusu kilimo. Siku ya majaribio wakaiuliza mavuno ya mwaka kesho. Mashine ikataja, kata kwa kata, mpaka gunia la mwisho.

"Mwaka kesho?" Waziri akauliza, akavua miwani. "Ambao haujafika?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na ripoti zitakapokuja, zitalingana na hizi kabisa. Mvua inyeshe, isinyeshe. Naomba ulitafakari hilo, Mheshimiwa. Mvua haimo kabisa ndani ya hesabu."

Waziri akatafakari. Kesho yake akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, mikono yote miwili hewani, "kwa miaka mingi taifa hili limekuwa mateka wa mvua. Tumelima, tukangoja, tukavuna, ndipo tukatangaza. Ucheleweshaji huo umekwisha! Kuanzia leo tutatangaza kwanza. Wakulima watakaopenda kuendelea kulima hawakatazwi."

Profesa Msofe alitunukiwa cheti. Alikitundika chooni, na mkewe akakitoa kwa sababu ya wageni.

*

Sasa huko Kirongo alikuwako dada yake, Nakiete, mkubwa kwake kwa miaka sita, karani wa mavuno wa kata. Kazi yake ilikuwa kupita ghala kwa ghala na daftari la shule, kuhesabu magunia, na kumpa mtendaji wa kata namba ikiwa kama alivyoiona. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzo wa namba zote. Baada yake ndipo nguo zilipoanza.

Akapiga simu siku moja Profesa akiwa ofisini anasahihisha mitihani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umesikiliza redio?"

"Bado."

"Wamesema Kirongo tumevuna magunia elfu arobaini na kumi na tatu. Tumepewa Kombe la Mavuno tena. La saba hili."

"Na umehesabu mangapi?"

"Elfu nne, na ripoti yangu bado sijaipeleka, siku hizi wanatangaza kwanza. Na wewe unajua tunahitaji elfu tisa kufika msimu mwingine." Akashusha sauti. "Watu wameanza kula mbegu, Kiangi. Jana nimemkuta mama Sefania anapika mbegu, tena ananificha sufuria, ananionea aibu mimi."

Msofe akaweka kalamu chini.

"Hatupewi chakula cha msaada," Nakiete akaendelea, "kwa sababu sisi ni mabingwa. Mabingwa wanapewaje msaada? Mwaka juzi tulizika tisa kwa njaa. Mwaka jana kumi na saba. Mimi ndiye niliyeandika, nawajua kwa majina. Unajua redio ilisema wangapi?"

Msofe alijua. Kumi na saba, ngazi tano, kushuka: mtu mmoja na nukta saba. Wizara iliona aibu ya hiyo nukta saba, ikaiondoa.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja! Na wewe mdogo wangu umesoma mpaka kichwa kimebaki upara. Watu wanakuita Ulaya kukusikiliza. Hebu niambie, unasomea nini hasa kama dada yako anakula mbegu?"

Dada yake akakata simu, na Msofe akajiona mjinga kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili.

*

Akaanza na njia ya watu waungwana. Akaandika barua kwa Waziri, ukurasa mmoja: Kata ya Kirongo imevuna magunia 4,000, inapungukiwa 5,000, watu watakufa. Akaipeleka mwenyewe masijala ya wizara, kwa Bi Sikitu, mama mmoja mwema aliyekuwa hapo tangu wizara ilipokuwa banda la mbao.

Bi Sikitu akaisoma, akaifunika haraka na faili.

"Profesa! Hii namba haijavaa kitu."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Jamani, Waziri ni mtu mzima ana wajukuu. Nitamwekeaje mezani kitu cha namna hii? Akiingia mgeni je?" Akapunguza sauti. "Nikuwekee sifuri moja tu. Ya kujisitiri."

"Usiguse, Bi Sikitu, nakuomba. Watu wana njaa."

"Naelewa, mwanangu. Ndiyo maana nasema moja tu."

Akamwahidi hataigusa. Lakini Bi Sikitu alikuwa mtu wa huruma, na hakuweza kuvumilia kumwona mtoto wa watu akijidhalilisha. Barua ikafika kwa Waziri ikisema 40,000, na Waziri, ambaye husoma mstari wa kwanza tu, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kirongo oyee."

Profesa Msofe alipoletewa nakala, alicheka. Halafu akaingia darasani kufundisha, akasimama mbele ya ubao wanafunzi wakimsubiri, na ubaoni palikuwa na Nadharia yake mwenyewe, ile ya ujanani, ambayo mtu alikuwa amesahau kuifuta. Namba ikiingia hapa, ikipita ngazi tano, inatokea pale. Miaka thelathini na moja alikuwa ameisoma kutoka juu kwenda chini, kuvua. Hakuwahi kuisoma kutoka chini kwenda juu.

Akawaambia wanafunzi waende nyumbani. Wakapiga makofi.

*

"Mia nne," akamwambia dada yake.

"Mia nne nini?"

"Magunia. Andika umehesabu mia nne. Wataivalisha ngazi zote tano, na itamfikia Mheshimiwa Sana ikiwa elfu nne. Ukweli utafika, dada. Utakuwa umepitia mlango wa nyuma, lakini utafika."

Mbuzi akalia upande wa pili wa simu.

"Kiangi, una homa?"

"Sina."

"Unaniambia mimi, mtoto wa mwalimu Msofe, niandike uongo."

"Uongo unaozaa ukweli."

"Usiniletee maneno ya chuo. Miaka ishirini na sita naandika ninachokiona. Wote wa juu yangu wamevalisha, mimi sikuvalisha. Wewe namba zako ziko ubaoni, ukichoka unafuta. Zangu zina wenyewe, tunasalimiana kisimani." Akamfukuza mbuzi. "Nina kitu gani kingine hapa duniani, Kiangi? Si hilo daftari tu?"

Msofe naye hakuwa na kitu kingine. Ndivyo walivyokuwa watoto wote wa yule mwalimu.

"Na wakishtuka njiani?" akauliza Nakiete baadaye.

"Hawatashtuka. Atakayeuliza mbona ndogo mwaka huu, atakuwa amekiri kwamba ile kubwa ya mwaka jana aliitunga yeye. Hakuna wa kuuliza."

"Una hakika?"

"Nina kurasa arobaini za uthibitisho."

"Haya," akasema dada yake. "Nitaandika. Lakini naandika kwa penseli."

*

Namba ikaondoka Kirongo ikiwa mia nne. Mtendaji wa kata hakuitazama mara mbili, akaifanya mia sita thelathini na nne. Katibu tarafa akaifanya elfu moja na tano. Mkuu wa wilaya alishtuka, ni kweli, alikaa nayo siku nzima akifuta jasho. Mwishoni akaona usalama wake uko katika kuzidisha, akazidisha: elfu moja mia tano tisini na tatu. Mkuu wa mkoa akaisoma akiwa anakata utepe wa choo cha soko. Na wizara ikampelekea Mheshimiwa Sana, kama Nadharia ilivyosema, magunia elfu nne na moja.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, gari jeusi likasimama mbele ya Idara ya Hisabati, na Profesa Msofe akachukuliwa kwenda Ikulu na chaki bado mkononi.

Alikuta mzee mfupi anamenya karanga. Alidhani ni mhudumu, akamsalimia haraka, mpaka alipoona picha ukutani na kutambua ni mtu yule yule, ila picha nayo ilikuwa imepita wizarani.

"Kaa, Profesa," akasema Mheshimiwa Sana. "Nimeletewa namba ya Kirongo. Elfu nne na moja. Mwaka jana elfu arobaini."

Miaka thelathini na moja, na leo ukweli umekaa juu ya meza ya mkuu wa nchi, kando ya maganda ya karanga!

"Ndiyo, Mheshimiwa Sana."

"Basi nikagawanya kwa kumi, kama kawaida yangu, nikapata mia nne. Nikasema hapana, hii sasa ni hatari. Niitieni yule kijana wa viti."

Msofe alidhani hakusikia vizuri.

"Uligawanya kwa kumi?"

"Wewe ulifikiri mimi mjinga?" Mzee akacheka mpaka karanga ikampalia. "Mimi nilianza kazi nikiwa mtendaji wa kata, bwana. Nilivalisha mpaka vidole vikaota sugu. Kila kinachopitia wizara ya Bakilana nagawanya kwa kumi. Wote wana vyao." Akatoa mfukoni kijidaftari kilichochakaa, akafungua. "Barabara, sita. Shule, nane. Polisi, huyu nazidisha. Mke wangu, hapa nimeacha wazi, yule hana hesabu."

"Kwa hiyo mwaka jana," Msofe akasema polepole, "ulipoletewa elfu arobaini..."

"Nikajua elfu nne."

"Na mwaka juzi?"

"Elfu nne na kidogo."

"Na wale waliokufa, ulipoambiwa mmoja?"

"Kama kumi hivi. Walikuwa wangapi?"

"Kumi na saba."

"Eeh. Ile nukta huwa wanaiiba." Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. "Sasa sikiliza. Njaa ya elfu nne naijua. Ni njaa ya kimya, watu wanakonda lakini wanasimama, mwandishi wa nje akipita haoni kitu cha kupiga picha. Njaa ya namna hiyo naiachia Mungu. Lakini mia nne! Mia nne ni njaa ya kupigwa picha, na mimi mwezi ujao nina mkutano wa marais."

Profesa Msofe alikuwa na hasira mara chache maishani, na zote zilihusu uthibitisho mbovu. Hii ilikuwa ya aina nyingine. Ilimpanda kutoka magotini. Alifikiria kurasa arobaini, miaka miwili chini ya jukwaa, mashine inayokula umeme wa mtaa mzima, yote hayo ili siku moja huyu bwana ajue. Kumbe anajua. Amejua siku zote, kwa kichwa, huku anamenya karanga.

"Nimekuita," Mheshimiwa Sana akaendelea, "kwa sababu humu kuna jina moja tu ambalo sigawanyi." Akageuza kijidaftari, akamwonyesha. Mstari wa mwisho, wino uliofifia: Msofe, 1. "Siku ile ya uwanja, niliwahesabu mwenyewe kutoka jukwaani. Elfu kumi na moja mia nne na ishirini. Nilikufukuzia kwenye viti kwa sababu ulisema kweli, na nikaandika hii moja kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo niambie wewe. Kirongo kuna magunia mangapi?"

Ndugu msomaji, mtu huyo alikuwa ameulizwa namba. Tangu azaliwe, akiulizwa namba, mdomo ulikuwa ukijibu wenyewe. Elfu nne ilikwisha kufika kwenye ulimi, ikagonga meno. Akaona sufuria ya mama Sefania. Akaona kile kijimoja kwenye daftari, kitu pekee alichowahi kupewa na nchi yake kilichokuwa cha kweli, na ambacho hakujua kama anacho mpaka dakika hiyo.

"Si mia nne, Mheshimiwa Sana," akasema.

"Ala! Niliona. Ni ngapi?"

"Mia tatu na themanini."

Mzee akaacha kumenya. "Una hakika?"

"Nimehesabu ghala kwa ghala."

"Lo! Na yakifika mangapi, watasimama wasipigwe picha?"

"Yakifika elfu tano."

"Yakifika elfu tano," Mheshimiwa Sana akasema, akitia sahihi, "lazima yaondoke elfu hamsini. Unajua watu wetu wanavyopenda kuonja."

*

Malori yaliondoka na magunia elfu hamsini, kwa ngoma na hotuba. Waziri Bakilana alieleza kwamba bingwa naye ana haki ya kupongezwa kwa chakula. Wizara ikaonja, mkoa ukaonja, wilaya ikaonja, tarafa ikaonja, na mtendaji wa kata akaonja kwa moyo safi.

Baada ya wiki mbili Nakiete akapiga simu.

"Yamefika. Nimehesabu mara mbili. Elfu nne mia tisa tisini na nane."

Msofe akatazama karatasi yake. Alikuwa ameandika siku malori yalipoondoka: 4,998. Hakuna profesa duniani aliyewahi kuwa na nadharia iliyotimia mpaka gunia la mwisho, na hakukuwa na jarida ambalo angeweza kuliandikia.

"Mimi nimeambiwa nitie sahihi nimepokea elfu hamsini," dada yake akasema.

"Ukatia?"

"Kwa penseli."

*

Mwaka ukazunguka. Siku ya Kushukuru ikafika, na Profesa Msofe akaitwa jukwaani, juu ya chumba alichokuwa akihesabia viti, apewe Nishani ya Usahihi ya Daraja la Kwanza. Msoma wasifu alisema Profesa amethibitisha nadharia sabini. Zilikuwa saba.

Mheshimiwa Sana akamvalisha nishani, akainama kana kwamba anamkumbatia.

"Nilimtuma mtu wangu wa siri Kirongo," akamnong'oneza. "Ghala kwa ghala. Kumbe mlikuwa na elfu nne."

Msofe hakukana.

Mzee akatoa kijidaftari, pale pale mbele ya umati, akalamba ncha ya kalamu, akakata ile moja kwa mstari ulionyooka. Akaandika kumi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyepunguziwa kazi moja ya kusumbua.

"Nilidhani utanifukuza," Msofe akasema.

"Nikufukuze kwa nini? Ningekufukuza kama ungesema kweli." Akampiga piga begani. "Karibu serikalini, Profesa."

Umati ukashangilia. Televisheni ikasema ni laki moja na elfu kumi na tisa, na hakuna aliyemsogezea Msofe kipaza sauti.

Kesho yake akapanda basi kwenda Kirongo, nishani ikiwa mfukoni. Alimkuta dada yake nyuma ya nyumba anapepeta mahindi, amenenepa kidogo usoni. Akamwamkia, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akamsimulia yote: karanga, kijidaftari, moja iliyokatwa. Alipofika hapo akajifanya vumbi limemwingia machoni.

"Nilikuwa mtu mmoja tu ambaye hakuhitaji kugawanywa," akasema. "Sasa nikisema leo ni Jumanne, atatafuta nguo ya kuvua."

Nakiete hakusema pole. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na lile daftari la shule. Akafungua ukurasa wa nyuma kabisa, ule wa maiti, ambao siku zote aliuandika kwa wino. Mwaka juzi ule aliousema kwenye simu, majina tisa. Mwaka uliofuata, majina kumi na saba, yamebanana mpaka pembeni. Chini yake tarehe za mwaka huu wa malori, na karatasi nyeupe.

"Soma," akamwambia.

"Hakuna kitu."

"Hesabu vizuri, wewe si profesa?"

"Sifuri, dada."

"Haya, mpelekee huyo bwana wako," akasema Nakiete, akachukua ungo wake. "Agawanye kwa kumi."